Utando wa seli wa kuigiza: juu ya kioo, kwenye kifuko au kwenye tundu?

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wanafunzi wanaoanza utafiti wa biofizikia ni hili: nitumie mfumo upi ili utando wangu ufanane kabisa na wa seli? Huwa nawarudishia swali. Ufanane kwa lipi? Kwa wepesi wa kutiririka? Kwa mkazo? Kwa namna unavyozuia ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zisipite? Kwa tofauti ya lipidi, yaani molekuli za mafuta zinazoujenga utando, za ndani na za nje? Hakuna utando wa maabara unaopatia yote hayo kwa mpigo. Aliye nao ana seli yenyewe. Kila mfumo hupatia jambo moja au mawili na kukosea mengine. Anayechagua vizuri ni yule anayejua mfumo wake unakosea wapi, akahakikisha kosa hilo haliangukii penye swali lake.

Kisa cha mwaka 1925 kinanifaa hapa. Kule Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walichukua seli nyekundu za damu, wakatoa lipidi zake kwa asetoni, wakazitandaza juu ya maji katika karai ya Langmuir, chombo kipana cha kupimia tabaka jembamba juu ya maji, na kupima eneo lililofunikwa. Wakapata takriban mara mbili ya eneo la seli zenyewe, wakasema: basi utando una tabaka mbili. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini asetoni haikutoa lipidi zote, na eneo la seli walilikadiria kuwa dogo kuliko lilivyo kwa sababu walipima seli zilizokauka. Makosa mawili yakafutana. Wewe na mimi tusitegemee bahati hiyo.

Kuhusu utando wenyewe nitasema kidogo tu. Unene wake ni nanometa 4 hadi 5. Vichwa vya lipidi vinavyopenda maji hutazama nje pande zote mbili, mikia ya mafuta hujificha katikati. Neno "utando" hupotosha kidogo, maana huleta picha ya buibui au ya ngozi inayoganda juu ya maziwa yaliyochemka. Huu haukuganda. Katika utando huru wa lipidi laini kama DOPC, molekuli moja husambaa kwa kasi ya mikrometa za mraba 5 hadi 10 kwa sekunde, kwa hiyo umbali sawa na upana wa seli nyekundu, mikrometa 8 hivi, huumaliza kwa sekunde chache.

Kioo au kifuko kikubwa

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Utando wa juu ya kioo hutengenezwa kwa kumwaga vifuko vidogo vya lipidi juu ya kioo safi sana, au juu ya ulanga uliobanduliwa wakati huohuo. Vifuko hugandamana na kioo, hupasuka na kuungana kuwa shuka moja bapa. Lukas Tamm na Harden McConnell waliueleza utando huu mwaka 1985, na mpaka leo ndio mlango wa kwanza kwa maabara nyingi. Sababu zinaeleweka. Utando mzima umelala katika tambarare moja, kwa hiyo hadubini huuona wote kwa mara moja. Unaweza kuupapasa kwa hadubini ya nguvu za atomi. Unaweza kumulika nanometa mia moja au mbili tu kutoka kwenye kioo na kuziona protini moja moja zikitembea bila ukungu wa mwanga kutoka kwenye maji ya juu. Unaweza kubadilisha maji hayo mara kumi kwa siku na utando ukabaki pale pale.

Kuna maswali ambayo kioo ndicho jibu lake hasa. Mwaka 1999 kundi la watafiti wa kinga ya mwili lilitandaza utando juu ya kioo, likaweka ndani yake protini mbili ambazo seli T, aina ya seli za kinga, huzitafuta kwa jirani yake, kisha likaziacha seli T hai zitue juu yake. Protini zikajipanga duara ndani ya duara, kama shabaha ya kulengea, mbele ya macho yao. Upande mmoja seli hai, upande wa pili utando wa kuigiza wenye vitu viwili tu vinavyojulikana. Kwa kifuko kinachoelea, kazi ile ingekuwa mateso.

Sasa ubaya wake. Kati ya utando na kioo pana tabaka la maji la nanometa 1 hadi 2 tu. Lipidi hazilioni hilo kuwa tatizo kubwa, ingawa mwendo wao hupungua, mara nyingi kwa nusu au zaidi ukilinganisha na utando huru. Protini inayopenya utando na kutoa mguu mrefu upande wa chini haina pa kuuweka mguu huo. Hugusa kioo, hunata, na mara nyingi huharibika umbo. Nimewahi kuona mtu akiandika kwamba protini yake "haitembei ndani ya utando", kumbe ilikuwa imegandamana na kioo muda wote. Ipo dawa ya kiasi: kuweka godoro la polima chini ya utando, au kuufunga kwa nyuzi ndefu ili uinuke. Dawa hiyo husaidia, ila maandalizi huongezeka na mara nyingi usawa wa utando hupungua.

Jambo la pili husahaulika zaidi. Utando uliolala juu ya kioo hauna ndani. Hauwezi kujikunja, hauwezi kuchipua kifuko, na mkazo wake huamuliwa na namna unavyonata kwenye kioo, wala si na wewe. Ukiwa unachunguza protini zinazokunja utando, au virusi vinavyochipua, au lolote linalohusu umbo, achana na kioo mapema.

Kifuko kikubwa kina yote hayo. Ni puto la lipidi lenye upana wa mikrometa 10 hadi 100, yaani la ukubwa wa seli, linaloonekana kwa hadubini ya kawaida. Njia maarufu ni ile ya Miglena Angelova na Dimiter Dimitrov ya mwaka 1986: unapaka lipidi kwenye kioo kinachopitisha umeme, unaikausha, unamimina maji ya sukrosi, kisha unapitisha umeme wa volti moja hivi unaogeuka mara 10 kwa sekunde. Baada ya saa moja au mbili vifuko vimevimba. Unavihamishia kwenye maji ya glukosi yenye nguvu ileile ya osmosisi. Sukrosi ni nzito zaidi, kwa hiyo vifuko huzama na kutulia chini ambako hadubini inavingoja, na tofauti ya sukari mbili huvifanya vionekane hata bila rangi. Vifaa vyenyewe ni vya bei nafuu: jenereta ya mawimbi ya umeme, vioo viwili, na kipimaumeme cha fundi wa redio cha kukuonyesha upande upi wa kioo unapitisha umeme. Usicheke. Kila mwaka kuna mtu anayepaka lipidi upande usio wenyewe na kungoja saa mbili.

Ukikivuta kifuko kidogo kwa pipeti nyembamba ya kioo, unapima mkazo na ukakamavu wake moja kwa moja. Ndivyo tulivyojua kwamba utando wa lipidi hukunjika kirahisi sana, kwa nishati inayolingana na mara 20 hivi ya mtikisiko wa joto la kawaida, lakini hautanuki. Ukiongeza eneo lake kwa asilimia 3 hadi 5 unapasuka.

Kifuko nacho kina hila zake. Njia ya umeme haipendi chumvi nyingi, wala lipidi zenye chaji kwa wingi, na seli ina vyote viwili. Kuvimbisha vifuko juu ya jeli kunasaidia, ila mabaki ya jeli yanaweza kubaki ndani. Vifuko vya sahani moja havifanani: kimoja kina kolesteroli zaidi, jirani yake pungufu, kwa hiyo usipime vitatu ukatangaza matokeo. Halafu kuna mwanga. Rangi inayong'aa chini ya taa kali huoksidisha mikia yenye vifungo viwili, na utando ulioanza bila madoa huanza kujigawa kuwa visiwa. Watu wamechapisha visiwa vilivyotengenezwa na taa yao wenyewe. Punguza mwanga kwanza, ndipo uamini picha.

Ukinilazimisha: protini inayogusa utando kutoka upande mmoja tu, kioo. Protini inayopenya, au swali lolote la umbo na mkazo, kifuko kikubwa. Kama huna uhakika, anza na kifuko, kwa sababu kasoro zake huonekana kwa macho. Kasoro za kioo hujificha, hasa kama hukupima utembeaji wa lipidi kwa kuchoma doa la rangi kwa mwanga mkali na kuangalia linavyojirudi. Walio na mizani ya fuwele ya kwatzi ya hezi milioni 5 wana kipimo kizuri zaidi: shuka kamili la tabaka mbili hushusha mlio wa fuwele kwa hezi 25 au 26. Ukishuka zaidi na kubaki huko, una rundo la vifuko visivyopasuka. Mchanganyiko wenye kolesteroli nyingi hufanya hivyo mara kwa mara.

Tundu, kwa wanaopima umeme

Kama swali lako ni mfereji wa ayoni unaofunguka na kufunga, kioo hakikufai. Nanometa mbili za maji chini yake si chumba cha kuwekea elektrodi, na kitobo kidogo tu kwenye shuka hilo huvujisha umeme kuliko mifereji yote uliyoiweka.

Mwaka 1962 Paul Mueller, Donald Rudin na wenzao walipaka lipidi zilizoyeyushwa katika mafuta kwenye tundu dogo kati ya vyumba viwili vya maji ya chumvi. Ukitazama, rangi za upinde wa mvua hucheza, kisha doa jeusi hutokea chini na kutambaa hadi kujaza tundu. Weusi huo ni wembamba: utando umekuwa mwembamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga kiasi kwamba miale inayorudi kutoka nyuso zake mbili inafutana. Ndiyo maana wenyewe wakauita utando mweusi. Umeme wa molekuli moja ya protini, pikoampea chache, husomeka. Gramisidini, kipande kidogo cha peptidi, hupitisha ayoni zipatazo milioni 10 kwa sekunde, na unauona mkondo ukipanda ngazi moja na kushuka ngazi moja. Utando wa namna hiyohiyo ndio uliotumiwa mwaka 1996 na John Kasianowicz na wenzake kuvuta uzi mmoja mmoja wa RNA kupitia tundu la protini, kazi iliyokuwa mbegu ya mashine za leo zinazosoma DNA kwa matundu.

Usichokipata ni utando safi. Mafuta ya kuyeyushia, kwa kawaida dekani, hubaki katikati na kuunenepesha. Uwezo wake wa kuhifadhi chaji huwa kama mikrofaradi 0.4 kwa sentimeta ya mraba, wakati wa seli ni karibu 1. Mauricio Montal na Mueller waliipunguza shida hiyo mwaka 1972 kwa kupandisha tabaka moja kutoka kila upande wa tundu. Njia yao ina faida nyingine: upande wa kushoto unaweza kuwa na lipidi tofauti na wa kulia, kama ilivyo kwenye seli. Kwa protini zinazohisi unene wa utando au mkazo, tumia njia ya Montal na Mueller au acha. Kwa kuhesabu tu ayoni zinazopita kwenye mfereji mgumu, dekani haitakuumiza. Jiandae kwa utando kupasuka kila mtu anapofunga mlango kwa nguvu.

Vifuko vidogo na visahani

Mara nyingine huhitaji kuona utando mmoja. Unahitaji mabilioni yake ndani ya kikombe cha kupimia. Hapo liposomu ndogo, yaani vifuko vidogo vya lipidi, ndiyo mwafaka. Alec Bangham na wenzake pale Babraham, karibu na Cambridge, walizieleza katikati ya miaka ya 1960. Siku hizi tunazisukuma kupitia kichujio chenye matundu ya nanometa 100, mara 11 au 21. Namba huwa witiri, isiyogawanyika kwa mbili, ili mchanganyiko umalizikie upande wa pili, na takataka zisizopita zibaki ulikoanzia. Kila kifuko kinabeba takriban lipidi 80,000. Ukijaza ndani rangi iliyosongamana kiasi cha kujizima, kisha ukaongeza melitini, ile peptidi ya sumu ya nyuki, utaona mwanga ukipanda kadiri utando unavyotoboka. Kwa dawa za kuua bakteria zinazoshambulia utando, hakuna kipimo cha haraka kuliko hiki.

Tahadhari yangu ni moja: usitumie vile vifuko vya nanometa 25 hadi 30 vinavyotoka kwenye mawimbi ya sauti kama kielelezo cha utando bapa. Vimepinda mno. Tabaka la nje lina lipidi kama maradufu ya la ndani, na hakuna seli nyekundu yenye utando uliojikunja hivyo.

Visahani vya nano ni hadithi nyingine. Kundi la Stephen Sligar, Illinois, lilivitengeneza mwaka 2002: kipande cha utando chenye upana wa nanometa 10 hivi, kimezungushiwa mkanda wa protini uliobuniwa kutokana na ile inayobeba mafuta ndani ya damu yetu. Ndani yake una lipidi mia na kitu na protini yako moja. Mfano ninaoupenda ni TRPV1, mfereji unaofanya tuhisi pilipili kuwa moto. Mwaka 2016 kundi la David Julius na Yifan Cheng, San Francisco, liliupiga picha ukiwa ndani ya visahani hivi, likaona kwamba mahali pilipili inapokaa, kama pilipili haipo, hukaliwa na lipidi ya utando. Ndani ya sabuni, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kutoa protini kwenye utando, lipidi hiyo ingeweza kuoshwa na hakuna ambaye angejua. Lakini kisahani hakina mkazo, hakina pande mbili zinazotengwa, na lipidi zilizo pembezoni zinabanwa na mkanda. Ni chombo cha umbo la protini. Usikiulize habari za utando.

Tabaka moja juu ya maji, lile la karai ya Langmuir, wengi hulidharau kama nusu ya utando. Agnes Pockels alianzia jikoni kwao Braunschweig, Ujerumani, na barua yake ikachapishwa katika Nature mwaka 1891. Kwa seli ni nusu kweli. Kwa mapafu ndilo lenyewe: ndani ya vifuko vya hewa tabaka moja la lipidi, DPPC kwa wingi, hukaa juu ya maji na kuvizuia visijifunge. Upungufu wake ndio unaowabana pumzi watoto njiti. Anayechunguza dawa yao akienda kwenye kifuko kikubwa chenye tabaka mbili anakuwa ameuacha uhalisia akiutafuta.

Lipidi ngapi chunguni?

Umekwisha kuchagua umbo, sasa mapishi. Mazoea ni DOPC peke yake kwa sababu ni rahisi na hubaki majimaji hata barafuni. Lakini mikia yake yote miwili imepinda, na seli zetu kwa kawaida huweka mmoja ulionyooka na mmoja uliopinda. Kama utatumia lipidi moja, tumia POPC. Bajeti ikibana, lipidi ya kiini cha yai iliyosafishwa inafanana nayo sana kwa bei ndogo, ila ina mchanganyiko wa mikia na hubadilika toka chupa hadi chupa.

Wengine hurukia mchanganyiko wa tatu: DOPC, DPPC au sfingomielini, na kolesteroli. Huu hujigawa kuwa vimiminika viwili visivyochanganyika, visiwa vya mviringo vinavyoelea juu ya kifuko, picha za kupendeza kweli. Kwa mgawo wa DOPC na DPPC sawa kwa sawa pamoja na kolesteroli ya asilimia 30, visiwa hutoweka ukipita nyuzijoto 30 hivi. Seli hai iliyo katika nyuzijoto 37 haionyeshi visiwa vikubwa vya namna hiyo. Kwa hiyo mchanganyiko huu ni mzuri kwa kuuliza protini fulani inapenda upande upi; ni mbaya kwa kudai kwamba seli ndivyo ilivyo. Na kumbuka kuandaa kila kitu juu ya joto la kuyeyuka la lipidi ngumu kuliko zote. DPPC huyeyuka kwenye nyuzijoto 41. Ukiiandaa kwenye joto la chumba, hujachanganya chochote.

Kuongeza aina za lipidi hadi nane au kumi hakukuongezei uhalisia kama kunavyoonekana kwenye karatasi. Kila lipidi mpya ni kitu kingine cha kuoza na kitu kingine kisichojulikana kimeingia kifukoni kwa kiasi gani. Ningeongeza kwa mpangilio huu: kwanza kolesteroli, kwa sababu utando wa seli nyekundu unayo kwa zaidi ya asilimia 40 ya molekuli na hubadilisha kila kitu, unene, ukakamavu na uvujaji. Pili chaji hasi, kwa kiasi cha fosfatidilserini, lipidi yenye chaji hiyo, kama protini yako hukaa upande wa ndani. Tatu, na ndipo ugumu unapoanza, tofauti ya pande mbili. Fosfatidilserini karibu yote hukaa ndani. Ikitokeza nje, seli imetangaza kifo chake na seli walaji za mwili huja kuichukua. Ukiiweka pande zote mbili sawa umeigiza utando wa seli inayokufa. Kuna njia ya kubadilisha lipidi za nje kwa kutumia saiklodekstrini, iliyokuzwa na kundi la Erwin London kule Stony Brook, New York. Kuna pia njia ya David Weitz na wenzake ya mwaka 2003, ya kupitisha matone ya maji kutoka kwenye mafuta, kila tabaka likivaliwa kwa zamu. Ya kwanza inataka subira na vipimo vingi vya kuhakikisha. Ya pili ni ya haraka, na ina mabaki ya mafuta. Nikiwa napima ukakamavu siigusi ya pili.

Kwa bakteria mambo ni mepesi kidogo: dondoo la lipidi la E. koli lina takriban asilimia 67 ya PE, 23 ya PG na 10 ya kadiolipini, na mchanganyiko wa hizo tatu unatosha kwa utando wa ndani. Utando wa nje wa bakteria huyo, wenye sukari nyingi upande mmoja tu, ni kazi ya peke yake.

Kabla sijasahau: lipidi iliyo katika klorofomu usiishike kwa pipeti ya plastiki. Klorofomu huyeyusha plastiki na utapima plastiki. Weka chupa ya kioo kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri, hewa yake ikiwa imebadilishwa kwa nitrojeni au agoni. Maabara moja niliyofanya kazi ilikatikiwa umeme wikendi nzima na hakuna aliyeandika. Wiki tatu tulidhani peptidi yetu inatoboa utando kwa nguvu za ajabu, kumbe utando wenyewe ulikuwa umeoza.

Ukipenda kuukata kwenye seli yenyewe

Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni malengelenge: unaiwekea seli formaldehaidi kidogo na kemikali inayovunja vifungo vya salfa, nayo huchipua vifuko vikubwa vyenye lipidi na protini zake halisi. Aina zote za lipidi zimo, huna haja ya kupika. Lakini kemikali hizo hushonanisha baadhi ya protini na kunyofoa mikia ya mafuta iliyoshikizwa kwenye nyingine, fosfatidilserini hutokea nje, na mifupa ya seli, wavu wa protini unaoishikilia kutoka ndani, haimo. Ya pili ni maganda ya seli nyekundu, kwa utaratibu wa Dodge, Mitchell na Hanahan wa mwaka 1963: unazimimina seli kwenye maji yenye chumvi kidogo, zinamwaga hemoglobini, unaziosha hadi ziwe nyeupe. Hapa unabaki na karibu kila kitu cha utando pamoja na wavu wa protini iitwayo spektrini chini yake. Protini peke yake ni karibu nusu ya uzito wa utando huo, na hilo ndilo jambo ambalo kifuko cha lipidi tupu hakina hata chembe.

Kompyuta nayo iingie kwenye hesabu. Kundi la Siewert-Jan Marrink, Groningen, liliiga mwaka 2014 utando wa seli wenye aina 63 za lipidi, pande mbili zikiwa tofauti, kitu ambacho hakuna aliyekitengeneza kwenye chupa. Ila ulikuwa kipande kidogo, kwa muda wa mikrosekunde makumi, na kila atomi nne nzito ziliwekwa pamoja kama shanga moja. Mimi huitumia kuuliza lipidi gani inakumbatia protini ipi, kisha narudi maabara na lipidi tatu.

Jedwali lifuatalo nimelibana kuliko inavyostahili, kwa hiyo lisomwe pamoja na yaliyotangulia.

| Mfumo | Ukubwa | Hupatia | Hukosea |
|---|---|---|---|
| Shuka juu ya kioo | milimeta na zaidi | hadubini, protini za upande mmoja | mkazo, umbo, protini zinazopenya |
| Kifuko kikubwa | mikrometa 10 hadi 100 | umbo, mkazo, utembeaji huru | chumvi, usawa wa mapishi |
| Tundu | sehemu ya milimeta | umeme wa molekuli moja | unene, uimara |
| Liposomu ndogo | nanometa 100 | uvujaji, vipimo vya haraka | huoni kimoja kimoja |
| Kisahani | nanometa 10 | umbo la protini | takriban yote ya utando |
| Ganda la seli nyekundu | mikrometa 8 | protini na mifupa halisi | hujui kila kilichomo |

Nimalizie na seli nyekundu nilizoanza nazo, kwa swali lililotoka Kilifi. Mwaka 2020 watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome pale Kilifi na wenzao wa Uingereza walichapisha katika Nature kwamba watu wenye kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo hupatikana pwani hiyo ya Kenya, wana seli nyekundu zenye utando uliokazika zaidi, na kimelea cha malaria hushindwa kuzipenya mkazo ukizidi kiwango fulani. Walipima mkazo kwa kutazama utando wa seli hai unavyopapatika chini ya hadubini.

Ukitaka kuendeleza kazi hiyo kwa utando wa kuigiza, uchague upi? Kama swali ni kwa nini Dantu imekazika, kifuko cha POPC hakina la kusema. Mabadiliko hayo yanatokana na protini za juu ya seli, glaikoforini, na zinagusana na mifupa iliyo chini. Kifuko cha lipidi hakina mifupa: ukikivuta kikawa kirefu hutiririka na kulegea, wakati seli nyekundu hurudi katika umbo lake. Hapo ni maganda, ya Dantu na ya kawaida, kwa pipeti ileile. Lakini kama swali ni finyu zaidi, kwamba mkazo peke yake unatosha kuuzuia utando usikizunguke kitu cha ukubwa wa kimelea, basi ganda lina mengi mno na kifuko kikubwa ndicho chenyewe: POPC na kolesteroli ya asilimia 40, chembe ya plastiki ya mikrometa moja au mbili badala ya kimelea, na mkazo naupandisha hatua kwa hatua kwa pipeti hadi kukumbatia kukome. Ningeanza na hilo la pili. Vifuko naweza kuvitengeneza kesho asubuhi, wakati kibali cha damu kinaendelea kusubiriwa.